Maji ya Kwanza ya Sehewa

Harufu ya sehewa aliyekaushwa kwa chumvi haibishi hodi. Iliingia nyumbani kwetu kabla baba hajaweka sanduku lake chini, ikapita sebuleni, ikapanda darini ambako mama alikuwa ametundika mahindi ya mbegu, na kufikia jioni ilikuwa imeshavuka ua wa minyaa na kwenda kutusema kwa majirani. Sehewa ni samaki wa baharini, ndugu mdogo wa jodari, mnene katikati na mwembamba mkiani, mwenye nyama nyeusi iliyojaa damu. Watu wa pwani humpasua, wakamsugua chumvi na kumwanika juani mpaka akauke kama kipande cha mti kinachosubiri mchongaji. Kwetu bara, upande wa Wamunyu, ambako mito huwa mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, samaki alikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alisema samaki ni nyoka aliyekosa mahali pa kutambaa. Hakuwa anatania. Aliposikia ile harufu alihamisha kigoda chake mpaka upande wa pili wa boma, akakaa huko akichambua kunde mpaka jua likazama.

Nilikuwa darasa la sita, na miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufukweni, lakini kijijini tulisema tu kwamba “anafanya hoteli,” na kila mtu akajaza mwenyewe alichotaka. Wengine walidhani ni karani, wengine walidhani ndiye anayepokea wageni kwa suti. Mimi niliyaacha maneno hayo yaelee yanakotaka. Mwanamume anayeshika mwiko alikuwa kichekesho kwetu. Jikoni palikuwa pa wanawake, na mvulana aliyekaa sana karibu na mafiga aliulizwa kama anangoja kuolewa. Kisha hoteli ikakosa wageni, wapishi wakaambiwa waende nyumbani wangoje kuitwa, na baba akarudi. Sandukuni alikuwa na koti lake jeupe la kazi, visu viwili vilivyofungwa kwa kitambaa, nazi chache, donge la ukwaju, na gunia dogo la sehewa. Watoto wa wanaume wengine waliofanya kazi Mombasa walipata mchele na viatu. Sisi tulipata samaki wakavu wenye macho yaliyotumbuka, na nikaona aibu kiasi kwamba sikumwita rafiki yangu hata mmoja kuja kumsalimia baba yangu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, baba alipenda kusema hivyo, ingawa alisema akiangalia pembeni. Mpango wake ulikuwa kuchimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua yanayoteremka mlimani, kusudi alime nyanya na sukuma wiki awe na kitu cha kuuza sokoni. Mvua ilikuwa karibu, na ikishuka kabla silanga halijaisha, maji yote yangeteremka bondeni kwa watu wengine na sisi tungengoja mwaka mzima. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kwetu huitishwa mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana na kujengeana kwa zamu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwethya haulipwi hata ndururu, ila una sharti moja ambalo halijaandikwa popote na kila mtu analijua: mwenye boma huwalisha watu chakula cha mchana, na awalishe vizuri. Ukiwalisha vibaya hakuna atakayekulalamikia. Watakushukuru, watajikung'uta vumbi makalioni, na kesho yake hawatarudi.

Shida ni kwamba ghala lilikuwa likionyesha sakafu. Mahindi na maharagwe ya kutosha isyo, yaani hayo mawili yaliyochemshwa pamoja, yalikuwepo, lakini hakukuwa na mbuzi wala kuku wa kuweka juu ya isyo ile, na isyo tupu ndiyo waliyokuwa wakila kwao kila siku. Mama alikuwa tayari kwenda kukopa jogoo kwa dada yake. Baba akamwambia aache. “Mama Mumbua, mimi niko na kitoweo hapa,” akasema, akigonga gunia kwa kidole. “Wazungu walikuwa wanakula hii wakitoka jasho. Wacha watu wetu waonje pia.” Mama akaketi tena. Nadhani aliona kile ambacho mimi sikukiona, kwamba mtu yule alihitaji kupika. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na baba alikuwa amecheza ugenini miaka mingi bila hata mmoja wetu kumwona.

Sehewa mkavu hapikwi hivi hivi. Ana chumvi ya kumwua ng'ombe. Jioni ya kuamkia mwethya, baba aliwapanga samaki kwenye beseni kubwa la bati akawafunika kwa maji. Asubuhi ilimpasa ayamwage maji hayo, atie mengine, na kabla ya kupika ayamwage tena na kutia ya tatu. Alinieleza akiwa amechuchumaa, kwa sauti ya upole ambayo sikuijua, kwamba maji ya kwanza hubeba chumvi, ya pili hubeba harufu, na ya tatu humwacha samaki awe samaki. Nilimsikiliza nikitupa jicho njiani, nisije nikaonekana. Maji yenyewe yalitoka mbali. Tulifukua mchanga wa mto mkavu mpaka yatokee, tukayachota kwa kata, tukajaza mitungi ya plastiki na kumbebesha punda mpaka nyumbani. Katika boma letu maji ya kuogea yaliosha miguu ya mtu wa pili, yakafua matambara, ndipo yakamwagiwa mpapai. Hapakuwa na maji yaliyotumika mara moja yakaenda zake.

Kwa hiyo asubuhi ile, baba aliponyanyua beseni lile ili amwage maji ya kwanza, Susu alimkamata mkono. Sijui alitokea wapi. “Mutinda,” akamwita kwa jina lake la utotoni, “unamwaga maji na mvua hatujui iko wapi?” Baba akamweleza kwamba yana chumvi, hayafai kitu, hata mpapai yatauua. Susu akasema, “Wacha. Weka hapo. Hapa kwangu maji haimwagwi.” Mtu hagombani na mama yake siku ya wageni. Baba akayamimina kwenye mtungi, akauegemeza ukutani mwa jiko, akaenda kushughulikia maji ya pili. Alidhani Susu atayamwaga mwenyewe hasira zikimtoka, au atayaacha pale mpaka yasahauliwe.

Kulikuwa na majiko mawili siku hiyo. Susu alikuwa kwenye jiko la nyumba akisimamia sufuria kubwa ya isyo, kazi ambayo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Baba, kwa kuona haya kuingia jikoni mwa wanawake, alijipangia mafiga matatu nyuma ya ghala, akafunga leso ya mama kiunoni na kuanza kukuna nazi. Mimi nilikuwa tarishi wa katikati. Nilimwona akichambua miiba kwa ncha za vidole, akikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya asali, akitia nyanya, akitia ukwaju ule uliolowekwa ili ukate damu ya samaki, kisha sehewa aliyechambuliwa, kisha tui zito la mwisho. Kila hatua alionja. Alikuwa na kijiko chake kidogo mfukoni mwa shati, anaonja, anatikisa kichwa, anaonja tena. Harufu ilikuwa imegeuka. Haikuwa tena ile ya gunia. Ilinifanya nimeze mate, na nikakasirika kwamba nimemeza mate.

Watu walifika na majembe na sururu. Kiongozi wao, Mama Kioko, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha punda, alinusa hewa akaniuliza, “Mumbua, ni nani anapika, inanukia hivi?” Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya ghala, mwiko mkononi, leso ya maua kiunoni, anatabasamu. Alikuwa akingoja nimtaje. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu nikasema, “Ni watu wa nyumbani tu.” Mama Kioko akaenda zake kuchimba. Nilipoinua macho baba alikuwa amesharudi kwenye moto wake.

Kazi ilikwenda vizuri. Mama alikuwa huko shimoni pamoja nao, akibeba udongo kwa karai, na waliimba. Isyo huchemka muda mrefu na kila saa hudai maji, na kuelekea mchana maji ya Susu yakaisha. Punda alikuwa bado mtoni na kaka yangu. Nilikuwa naingia na kuni Susu aliponyanyua ule mtungi wa ukutani, akayachuja maji kwa kitambaa cha unga, akayamimina yote kwenye sufuria. Aliniona nikimkodolea macho. “Nyoka wanaoga kwa kisima kila siku na bado tunakunywa,” akasema. “Maji ni maji.” Niliona ni sawa. Nilikuwa nimelelewa na mtu yule na kwangu pia maji yalikuwa maji. Kilichobaki kilikuwa mtu kuonja, na hapo ndipo tulipoangamia. Susu hakuonja kwa sababu ya nyoka wake. Mama alikuwa shimoni. Na baba, aliyeonja kila kitu hata chai, hakuonja sufuria ile kwa sababu kwetu mwana haonji chungu cha mama yake siku ya wageni. Ni kumwambia mbele ya watu kwamba amezeeka.

Walikaa kwenye majani makavu, wanawake upande huu na wanaume wachache upande ule, wakanawa kwa maji ya kubahatisha. Baba alipakua mwenyewe. Aliweka isyo, kisha juu yake kijiko cha sehewa kwa anayetaka, na asiyetaka samaki alipewa isyo peke yake bila kusemwa. Alikuwa amevaa lile koti jeupe. Nakumbuka lilivyong'aa juani na nilivyotamani alivue. Kisha wakaanza kula, na kimya kikaingia. Si kimya cha watu wenye njaa. Mama Kioko alitafuna tonge lake la kwanza muda mrefu mno, akimeza kwa shida, machozi yakimlengalenga. Maharagwe yalikuwa yamegoma kuiva kwa chumvi, magumu kama kokoto, na chumvi ilikuwa chungu ulimini. Hakuna aliyetema, kwa sababu walikuwa watu waliolelewa. Waliomba maji. Wakaomba tena. Pipa la maji ya kunywa lilikauka na bado walikuwa wanaomba, watu waliochimba tangu asubuhi kwenye jua lile. Mzee mmoja ndiye aliyelisema lile jambo. “Mutinda,” akasema, bila ubaya, “ulituambia ni samaki. Hukusema umeleta bahari yote.”

Walicheka kidogo, kicheko cha kuokoa mambo, na hakikuokoa. Baba aliinama akachota isyo kwa kile kijiko chake, akaonja. Nilimwona akijua. Alijua ni maji gani, na alijua ni mkono wa nani, kwa sababu aliinua macho yake akamtazama mama yake aliyesimama mlangoni mwa jiko ameshika upawa. Walitazamana mbele ya watu wote hao na hakuna mwingine aliyeelewa ila mimi. Kisha baba akageuka akasema, “Nisameheni. Ni mimi. Mkono wangu umezidisha chumvi.” Akalivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. Mimi nilikuwa kwenye kona ya ghala nikitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikumwonea huruma, na ningependa kuandika kwamba nilimwonea. Nilikuwa na hasira naye kwa kutotuletea mchele, kwa lile koti, kwa kuwa mwanamume aliyejua kukuna nazi na hakujua hata kutia chumvi, ingawa niliona kwa macho yangu kwamba si yeye.

Walishukuru, wakajikung'uta vumbi, wakaondoka mapema. Kesho yake hawakurudi. Mmoja alituma salamu kwamba ana mgonjwa, mwingine kwamba ng'ombe wake anazaa. Shuleni nilipewa jina, mwana wa ikuyu, mtoto wa samaki, na wavulana walikuwa wakiziba pua nikipita. Baba alichimba peke yake. Tulimsikia tangu alfajiri, sururu ikigonga mwamba, na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mashariki. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo lile. Susu aliacha kula chakula cha jioni. Alikaa na kikombe cha chai mkononi mpaka kikapoa, na mama alipomwuliza, “Mwaitu, mama yetu, unaumwa?” alijibu kwamba meno yanamsumbua, ingawa meno yenyewe yalikuwa yamebaki ya kuhesabika.

Jumapili, watu wakitoka misa, walimkuta Susu amekaa kando ya njia panda kwenye kigoda chake, beseni la bati mbele yake, na ndani ya beseni sehewa wawili waliosalia gunini. Alikuwa amewaloweka mwenyewe usiku kucha. Mimi nilikuwa nashuka na wenzangu na nilipomwona nilitaka kurudi kanisani. Alingoja mpaka Mama Kioko na kundi lake wakamfikia, akasimama kwa shida, akainua beseni akayamwaga yale maji chini. Watu walishtuka. Hakuna aliyewahi kumwona mama yule akimwaga maji mwaka wa ukame. Yalikimbia vumbini, yakatengeneza kamstari, yakamezwa. “Haya ndiyo maji nilitia kwa isyo yenu,” akasema. “Mutinda alitaka kumwaga, mimi nikamkataza. Si mkono wake. Ni wangu.” Kisha akamega kipande cha samaki mbichi wa chumvi, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumgusa nyoka wa majini, akakitia kinywani akatafuna kwa ufizi mpaka akameza. Uso wake ulikunjamana wote. Mama Kioko alimshika bega akamketisha. Nilijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini siku ile nilimwona bibi kizee akijaribu kuyazoa.

Jumatatu mwethya ulirudi. Kila mmoja alikuja na kidumu chake cha maji, na Mama Kioko akamwambia baba, “Leo tumebeba yetu, usitubebee bahari,” na safari hii kicheko kilikuwa kicheko. Silanga liliisha mvua ikinyesha mlimani. Lilijaa. Tulilima nyanya, nikalipiwa karo na nyanya hizo, na bwawa lile bado lipo. Lakini baba hakuwapikia watu tena. Harusi zilikuja, matanga yakaja, akaitwa mara nyingi, na kila mara akasema mgongo unamwuma. Koti jeupe mama aliligeuza foronya. Jambo lilikuwa limesafishwa mbele ya watu, hadharani, na kila mtu alilisahau isipokuwa yeye. Kwa miaka mingi nilidhani ni ile isyo iliyomvunja moyo.

Sasa naishi Syokimau, katika nyumba ambayo maji hutoka ukutani. Watoto wangu hufungua jodari wa kopo, wakamwaga maji yake kwenye sinki bila kumtazama, wakampaka kwenye mkate huku wanaangalia simu. Sehewa mkavu naagiza kwa mwanamke wa Mombasa sokoni, na bado siwezi kuyamwaga maji ya kwanza bila kugeuka kuona ni nani amesimama nyuma yangu. Susu alishalala zamani. Baba amezeeka, na alipokuja kukaa nasi mwaka jana, jumuiya ya kanisa ilikuwa na zamu ya kusali kwangu, na mimi nilikuwa nimechelewa kazini. Nilipofika, jikoni kulikuwa na harufu ya ukwaju na vitunguu vya rangi ya asali. Alikuwa amepika. Hakuniomba ruhusa na mimi sikumwuliza mgongo unaendeleaje.

Watu walikula wakanyamaza, na kilikuwa kimya cha watu wanaokula. Wakaongeza. Kisha mama mmoja, mgeni katika jumuiya yetu, akaweka sahani chini akauliza, “Jamani, huyu samaki amepikwa na nani?” Baba alikuwa mlangoni mwa jikoni, kitambaa begani, mwiko mkononi. Hakumwangalia yule mama. Aliniangalia mimi. Hakukuwa na lawama usoni mwake. Alikuwa anangoja tu, kwa adabu, kuona kama leo anaweza kutajwa, na hapo ndipo, mbele ya wageni wangu wote, nilipojua kilichomuuma mgongo miaka yote hiyo.

“Ni baba yangu,” nikasema. “Baba ni mpishi.”

Yule mama akampigia makofi na wengine wakafuata. Baba akainamisha kichwa kidogo, akarudi jikoni, na nilipomfuata nilimkuta amesimama mbele ya sufuria iliyokwisha kupakuliwa yote, akikwangua ukingo wake kwa kile kijiko chake kidogo, anaonja.